Majibu ya Marehemu

Sehemu ya Saba

Wiki hii nimesimamishwa njiani mara nne. Kinyozi wangu aliacha kichwa changu nusu, wembe hewani, akitaka nimwambie ni nani aliyeandika lile neno. Sikumwambia, nikatoka na nusu ya nywele zangu. Nawe msomaji usinune. Kaa vizuri, leo utajua.

Tulimwacha Mwalimu Chaki mlangoni mwa chumba cha kushonea, mzee aliyekula chumvi nyingi. Mkononi ana kitabu cha mazoezi ya mtihani, kimefunguliwa ukurasa wa arobaini na moja. Kitabu ni cha Kitinda, mtoto wa miaka minane. Ila chini ya hesabu ya kumi na mbili kuna maneno matano, na mwandiko si wa Kitinda.

Mama kichwa kinaniuma tangu jana.

"Fundi," Mwalimu alisema, "huu mwandiko ninaujua. Niliufundisha mwenyewe."

Fundi cherehani, mama yake Kitinda, alikuwa na pini tatu mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kola ya gauni lake.

"Mwandiko wa nani?"

"Unataka nimtaje?"

Hakutaka. Katika nyumba ile jina la Kifungua halikutajwa tangu siku waliporudi makaburini, miaka minne sasa. Alikuwa kifungua mimba wao. Alianguka ndani ya chumba cha mtihani wa kuingia ile shule ya juu kilimani, ana miaka kumi na moja, na jua lilipozama hakuwa wa dunia hii. Majirani waliozoea kumwita fundi "Mama Kifungua" walijirekebisha wenyewe, hakuna aliyewaambia. Akawa Mama Kitinda.

"Kitinda," mama aliita. "Njoo hapa."

Mtoto akaja kutoka chumba cha nyuma, penseli imepachikwa sikioni kama fundi seremala.

"Nani kaandika hapa?"

Kitinda alitazama ukurasa. Hakushtuka hata kidogo.

"Dada."

Mwalimu Chaki alitafuta kiti kwa mkono bila kukiangalia, akakaa juu ya rundo la sketi ambazo hazijatiwa lastiki. Najua wengine wenu hapo mmeshaanza kusoma dua. Ngojeni kwanza.

"Dada yupi?" Mwalimu aliuliza, ingawa mtoto alikuwa na dada mmoja tu maishani mwake.

"Dada Kifungua. Yumo humu siku zote. Hata kwenye kile cha sayansi yumo. Mnataka kumwona?"

Hakungoja ruhusa. Alikichukua kitabu, akafunua ukurasa mwingine, mweupe pe. Akailaza penseli ubavu na kuanza kupaka, taratibu, bila kukandamiza. Kijivu kikatanda kwenye karatasi. Ndani ya kijivu kile vikaanza kutokea vijistari vyeupe: tarakimu, alama ya kugawanya, jibu likiwa limepigiwa mstari. Pembeni pakatokea herufi k yenye mkia mrefu, ile ile ambayo Mwalimu alihangaika nayo miaka miwili bila kuinyoosha.

Mama aliishika cherehani isije ikamkimbia.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye fundo. Fundi alikuwa na desturi moja ambayo hata mumewe aliiona ni ya kawaida. Kila Jumapili, akishamaliza kufua, alikaa na vitabu vya marehemu na kifutio, akafuta majibu mstari kwa mstari, akapuliza vumbi, akampa Kitinda aanze upya. Alimwanzisha akiwa na miaka minne na nusu. Watu walipomwambia mtoto bado mdogo mno kwa mtihani wa watu wa miaka kumi na moja, aliwajibu samaki mkunje angali mbichi. Na walipomuuliza kwa nini asimpatie vitabu vipya, alisema hivi vimeshaijua njia.

Lakini Kifungua alikuwa na mkono mzito. Kifutio kinaondoa weusi wa penseli tu. Pale ilipokandamiza, karatasi inabaki na kovu.

"Unafanya hivi tangu lini?" Mwalimu aliuliza.

"Tangu zamani. Nampaka, ananionyesha, nashika kichwani. Halafu nafuta kote karatasi iwe safi, ndipo naandika. Leo umeninyang'anya kabla sijafuta."

"Na hili la kichwa?"

"Hilo si jibu," Kitinda alisema. "Kwa hiyo huwa siliandiki."

Kijasho chembamba kilimtoka Mwalimu Chaki, na hakikuwa cha kuogopa mzimu. Mtihani ulikuwa kesho yake, Jumamosi. Shule ile huwapokea watoto wa miaka kumi na moja. Huyu wa minane aliwekewa kiti kwa barua ya Mwalimu, barua iliyosema kwa kalamu yake mwenyewe kwamba mtoto huyu amepata mia kwa mia mwaka mzima na hajawahi kuona akili ya namna hii. Na shule ile ina sheria moja isiyo na rufaa: mtoto hujaribu mara moja tu. Akianguka, hata akirudi na miaka kumi na moja yake kamili, mlango umeshafungwa.

Mwalimu alichana kipande cha karatasi ya kukatia mishono, ile ya kaki, akaandika hesabu.

"Haya. Fundi ana mita kumi na mbili za kitambaa. Sketi moja inakula mita moja na robo. Zitatoka sketi ngapi, na kitabaki kitambaa kiasi gani?"

Kitinda aliipokea karatasi, akailaza penseli, akapaka. Alipaka upande mmoja wote. Akageuza, akapaka wa pili. Kisha akainua uso, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana na wasiwasi.

"Mwalimu, hii haina mtu."

"Ndiyo. Fanya peke yako."

Alihesabu vidole. Akatazama rundo la sketi alilokalia Mwalimu, kana kwamba jibu limo humo. "Sketi kumi na mbili?"

"Na ile robo?"

"Robo ipi?"

Mwalimu alimpapasa kichwa. "Basi, mjukuu wangu. Umefanya vizuri." Akamgeukia mama. "Huyu ni mtoto wa miaka minane, Fundi. Mwerevu, ana adabu, ana miaka minane."

"Anajua," mama alisema haraka. "Umemtisha tu. Wewe mwenyewe umemsahihisha mwaka mzima. Mia kwa mia, umesema mwenyewe, umeandika mwenyewe."

"Mwaka mzima nimekuwa namsahihisha marehemu."

Mwalimu alikuwa amejiumiza kwa maneno yake mwenyewe, akarudisha macho kitabuni ili asimtazame mama wa watu. Na macho ya mwalimu ni macho ya mwalimu, hata akiwa na uchungu hutafuta tarehe. Yeye ndiye aliyewafundisha watoto wote wa mtaa ule kuandika siku na tarehe kwenye kona ya juu. Alichukua penseli ya Kitinda, akapaka kona ya ukurasa wa arobaini na moja.

Ijumaa. Mkesha wa ule mtihani wa miaka minne iliyopita.

"Fundi, msibani mlitwambia homa ilimpata ndani ya chumba cha mtihani. Ghafla."

"Ndiyo ilivyokuwa."

"Hii ni siku moja kabla. Na hapa anasema tangu jana."

"Watoto wanaandika mengi, Mwalimu."

"Huu mstari nani aliufuta?"

Mama aliikunja sketi iliyokuwa mapajani, akaikunjua, akaikunja tena.

"Hata mimi ningependa kujua," sauti ilisema kutoka mlango wa nje.

Alikuwa Baba. Ni fundi rangi, na viatu vyake vya kazi huviacha uani asije akachafua vitambaa vya watu. Ndiyo maana hakuna aliyemsikia. Mikono yake ilikuwa na madoadoa meupe hadi viwikoni. Tangu lini alikuwa pale, sijui, lakini uso ulionyesha alikuwa amesikia ya kutosha.

"Baba Kitinda, umewahi kurudi," mama alisema, akanyanyuka. "Ngoja nikuwekee maji ya kunawa."

"Mama Kifungua."

Miaka minne hakuwa amemwita hivyo. Mama alirudi kukaa kama aliyesukumwa.

"Uliuona mstari huu lini?"

Angeweza kusema uongo. Nilipoiandika sehemu hii nilimwombea aseme uongo, nikaona haifai. Alisema kweli, na aliisema akiwa anatazama sindano ya cherehani.

"Siku ile ile. Alikuwa amekaa hapo alipokaa Mwalimu. Mimi napiga pasi sketi yake ya shule, ile niliyomshonea kabla hata hajaingia. Akanisogezea kitabu, hakusema kitu. Nikasoma. Nikadhani anakwepa. Mchelea mwana kulia hulia yeye, ndiyo niliyokuwa najiambia kila siku. Nikachukua kifutio nikafuta. Nikamwambia kichwa kinachouma hakiandiki vizuri namna hii, haya, fanya ya kumi na tatu."

"Akafanya?"

"Akafanya. Akaipata."

Baba alikaa chini sakafuni, mgongo mlangoni. Alianza kulia kama wanaume wengi wanavyolia, kwa kukohoa.

"Nilikuwa napaka rangi ghorofa ya watu," alisema. "Siku mbili nilirudi nikamkuta amelala, nikasema amechoka kusoma, mwache. Miaka minne nilijua ni ghafla. Nilikuwa najifariji kwa hilo neno ghafla."

"Najua."

"Unajua, na ukaniacha."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote kuhusu anayeficha maradhi ya mwanawe, labda kwa sababu hawakuthubutu kumtazama usoni.

"Kila Jumapili nikikaa naanza na ukurasa huo," mama alisema. "Naufuta. Naona bado upo. Nikivichoma vitabu nitakuwa nimemzika mara ya pili. Nilitaka vifike tu, Baba watoto. Vifike kule juu kwa mkono wowote ule."

"Mkono wowote ule ni wa mwanangu huyu," Baba alisema. "Na huyu ndiye niliyebaki naye. Kesho haendi popote."

Mwalimu Chaki alisimama, akavaa kofia yake. "Asubuhi na mapema nitakuwa ofisini kwao kuomba barua yangu. Nitasema nimekosea. Aibu ya uzee haiui. Mtoto atarudi akiwa na miaka kumi na moja, akiwa na akili yake mwenyewe."

Mama alitikisa kichwa kukubali. Alikubali kweli, usimdhanie vibaya.

Katika yote hayo hakuna aliyekumbuka kwamba Kitinda alikuwa amesimama pale pale kando ya meza, ameshika kipande cha kaki.

"Kwa hiyo mimi sifanyi mtihani?" aliuliza.

"Hufanyi, mwanangu," Baba alisema. "Kesho utalala mpaka uchoke."

Mtoto alichukua penseli yake, akaenda chumba cha nyuma, akafunga mlango polepole. Wote watatu wakashusha pumzi. Walidhani wamempunguzia mzigo.

Usiku ule nauruka, haukuwa na cha kusimulia zaidi ya watu wawili waliolala mgongo kwa mgongo. Twende saa moja asubuhi, jua limeshaingia jikoni.

"Umempeleka wapi?" Baba aliuliza, taulo begani.

"Nani?"

"Usinichezee. Kitinda hayumo chumbani."

"Si nilidhani umetoka naye wewe, kununua mkate."

Walitazamana. Sekunde moja kila mmoja alimshuku mwenzake, na sekunde ya pili wote wawili walikimbilia chumba cha nyuma.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa, kona zimenyooshwa. Saraka ya meza ilikuwa wazi na kadi ya mtihani haimo. Mama alifungua kabati. Ile sketi ya shule ya Kifungua, iliyoning'inia ndani ya nailoni miaka minne, haikuwepo. Nailoni ilikuwa imekunjwa vizuri na kuwekwa chini.

"Barabara kubwa," Baba alisema. Hakumalizia. Mtoto yule hakuwahi kuivuka barabara ile bila kushikwa mkono.

Baba akashika njia ya barabara kubwa. Mama akapita mkato wa ngazi za mawe, peku, kanga haijafungwa vizuri. Ngazi zile alizipanda mara ya mwisho akimfuata mtoto aliyeambiwa ameanguka, na kila kipandio kilimkumbusha. Mara mbili alisikia nyayo nyepesi mbele yake, akaita, hakukuwa na mtu. Alikuwa anahema na anajiambia kwa sauti, si wa pili, Mungu wangu, si huyu wa pili.

Langoni alimkuta Mwalimu Chaki, kofia mkononi, amekasirika.

"Umenigeuka, Fundi. Jana tumekubaliana nini? Ofisi haijafunguliwa hata, nami nimemwona mtoto kwenye foleni anaingia."

"Amekuja peke yake, Mwalimu."

Hasira ilimtoka mzee pale pale. "Basi kimbia. Ukumbi ule wa kulia. Wakishafunga mlango imekula kwake."

Mlangoni mwa ukumbi alisimama msimamizi, mwanamke mrefu mwenye kengele ya mkononi na miwani iliyofungwa kamba. Alitandaza mkono kuzuia.

"Wazazi hawaingii."

"Mwanangu. Wa miaka minane. Haikupasa awemo."

Msimamizi alitazama orodha yake, akatazama saa. "Nina dakika mbili. Akitoka sasa nitaandika hakuja, hajapoteza kitu. Nikifunga mlango na karatasi zikageuzwa, ndiyo mara yake moja. Nenda, ongea naye. Usipige kelele."

Madawati yalikuwa yamepangwa mistari sita. Watoto wakubwa wote walikuwa wameweka mikono mezani, karatasi zimelazwa kifudifudi. Kitinda alikuwa dirishani, miguu yake haifiki chini. Sketi ilikuwa kubwa mno. Alikuwa ameibana kiunoni kwa pini alizoziiba kwenye kola ya mama yake.

Fundi alipiga magoti kando ya dawati.

"Kitinda. Twende nyumbani."

"Bado sijafanya."

"Hutaiweza, mwanangu. Si kosa lako, ni langu. Karatasi hiyo ni mpya."

"Najua," Kitinda alinong'ona. "Haina mtu. Nitajaribu hivyo hivyo. Nimefanya mazoezi ya robo jana chumbani. Nadhani ni tisa."

Mama alifumba macho. Tisa ilikuwa sahihi. Mtoto alikuwa ameketi peke yake, hakuna wa kumwonyesha, na ameipata. Zamani kidogo, hata juzi tu, tisa ile ingemfanya Fundi atoke nje na kuufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. Jaribu lilimpita moyoni, nalikiri kwa niaba yake.

"Dakika moja," msimamizi alisema.

"Sikiliza," mama alisema. "Hakuna atakayekugombeza. Baba hatakugombeza, Mwalimu hatakugombeza. Kwa nini unang'ang'ania?"

Kitinda alimtazama kama mtu anavyomtazama mkubwa aliyesahau maneno yake mwenyewe.

"Si wewe ulisema? Ulisema siku nikiingia shule hii, nyumba yetu itakuwa kama zamani."

"Nilisema."

"Zamani tulikuwa wanne."

Siku ya mazishi walimwacha Kitinda kwa jirani, ana miaka minne, akicheza na vifungo. Tangu siku hiyo jina halikutajwa, na kwa kuwa halikutajwa, hakuna aliyewahi kukaa chini akamwambia mtoto huyu dada yake alikwenda wapi. Baba alidhani mama ameshamwambia. Mama alidhani mtoto anajua.

"Ndiyo nataka kukuuliza," Kitinda aliendelea, kwa sauti ya chini ya ukumbini. "Nikifaulu, Dada anarudi siku hiyo hiyo, au tunangoja matokeo?"

Msimamizi alikuwa ameshika kitasa.

"Mama, nafunga. Anatoka au anabaki?"

Ukumbi mzima uligeuka kumsikiliza Fundi.